Kitabu cha kwanza cha historia ya sanaa ya sasa: jinsi ya kukitafuta, kukipima na kukipata

Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "sanaa ya kisasa" na mambo yameisha. Dukani hayajaisha. Maneno hayo yanabeba vitu viwili ambavyo wachapishaji wa Kiingereza na Kifaransa wanavitenga, na wengi hupotea hapo kabla hata ya kufungua jalada. Mtu anataka kujua kwa nini mbegu za alizeti za kauri zilimwagwa kwenye sakafu ya jumba la makumbusho London mwaka 2010, halafu anarudi nyumbani na kitabu kinachoishia kwa Picasso.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hakusomea sanaa chuoni, anasoma Kiingereza au Kifaransa kama lugha ya pili au ya tatu, na hana fedha za kununua vitabu vitatu ili abahatishe kimoja.

Hatua ya 1: Soma miaka, usisome jina

Neno Modern kwenye jalada kwa kawaida linamaanisha usasa, ule ule tunaoujua kwenye uhakiki wa fasihi: tangu Paris ya miaka ya 1860 hadi New York ya miaka ya 1960, kwa makadirio. Neno Contemporary, au contemporain kwa Kifaransa, linamaanisha kilichofuata hadi leo. Katika mwongozo huu tutaita cha kwanza sanaa ya usasa na cha pili sanaa ya sasa.

Mpaka kati ya viwili hivyo haujakubaliwa na kila mtu. Wapo wanaouweka 1945, vita vilipokwisha. Wapo wanaouweka miaka ya 1960. Na wapo wanaouweka 1989, kwa sababu mbili. Novemba ya mwaka huo ukuta wa Berlin ulianguka. Na tangu Mei hadi Agosti, Jean-Hubert Martin aliandaa Paris maonyesho ya Magiciens de la Terre, yenye wasanii zaidi ya 100, karibu nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Marekani Kaskazini. Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez, wote wa Kinshasa, walikuwemo. Maonyesho yale yalikosolewa vikali na bado yanakosolewa, lakini baada yake ikawa vigumu kuandika historia ya sanaa ya dunia kana kwamba dunia ni miji mitatu.

Anayeanza achukue kitabu kinachoanzia miaka ya 1960. Sababu ni ya kiutendaji. Kazi nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zinajibu mambo yaliyofanywa miaka ya 1960, kama vile Andy Warhol mwaka 1964 alipoonyesha masanduku ya mbao yaliyochapishwa yafanane kabisa na makasha ya dukani ya Brillo, chapa ya vifaa vya kusugulia sufuria. Usipojua swali lile, kwamba ni nini kinachotenga sanduku la msanii na sanduku la dukani, majibu yake ya miaka 30 baadaye yatakuwa mzaha tu machoni pako.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa yaliyomo na utafute miaka miwili: wa sura ya kwanza na wa sura ya mwisho. Sura ya kwanza ikiwa ya Monet, rudisha. Sura ya mwisho ikiwa ya miaka ya 1970, rudisha pia, hata kama jalada limeandikwa Contemporary. Kitabu hicho kilikuwa cha sasa siku kilipochapwa.

Tahadhari moja kuhusu katalogi za maktaba. Maktaba nyingi za vyuo zinatumia vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani, na huko sanaa ya sasa imewekwa chini ya "Art, Modern" ikifuatiwa na karne: "Art, Modern -- 20th century" au "Art, Modern -- 21st century". Ukitafuta kwa mada ukaandika Contemporary peke yake, utaambiwa vitabu ni vichache na utaondoka ukiamini maktaba haina kitu. Tafuta kwa mada ya "Art, Modern", kisha chuja kwa mwaka wa uchapishaji.

Hatua ya 2: Jua unashika kitabu cha aina gani

Vitabu vinavyojiita utangulizi si ndugu. Vingine ni simulizi, vingine ni hoja, vingine ni kamusi, vingine ni matofali.

Simulizi ndiyo aina tunayopendekeza kwa kitabu cha kwanza. Mwandishi mmoja anakupeleka tangu mwongo mmoja (miaka kumi) hadi mwingine, na kila sura inaeleza kwa nini wasanii wa wakati huo waliacha walichokuwa wanafanya wenzao. Mfano mzuri ni Art Since 1960 cha Michael Archer, kilichotoka kwanza 1997 katika mfululizo wa World of Art wa Thames & Hudson na kurekebishwa baadaye. Umbo la mfululizo huo linafaa msomaji wa kawaida: kitabu cha jalada jepesi kinachoingia kwenye mkoba, picha zimekaa karibu na maneno yanayozihusu. Kasoro yake ni kwamba Archer anataja majina mengi kwa kasi. Usijaribu kuyakariri.

Hoja ni kitabu kifupi ambacho mwandishi ana jambo moja la kushikilia. Julian Stallabrass, katika Contemporary Art: A Very Short Introduction cha Oxford, anashikilia kwamba sanaa inayojitangaza kuwa huru imefungwa kwa kamba na fedha, makampuni na siasa za dunia baada ya vita baridi. Toleo la 2 ni la 2020. Kinaingia mfukoni na kinasomeka kwa wiki moja. Lakini hakikupi mfululizo wa matukio, na mwandishi hajifichi kwamba ana upande. Kisome cha pili, ukishakuwa na kitu cha kubishana naye.

Ramani ya dunia ni kitabu kinachogawa sura kwa maeneo. Contemporary Art: World Currents cha Terry Smith, cha 2011, kinakwenda hivyo, na Afrika ina sura yake, haikubandikwa kwenye aya moja ya mwisho. Ni kikubwa kuliko viwili vya juu na lugha yake ni ya darasani, ila ukikipata maktaba kichukue hata kwa sura mbili tu.

Tofali ni kitabu ambacho kila mwalimu anakitaja na karibu kila anayeanza anakiacha njiani. Art Since 1900, cha Hal Foster, Rosalind Krauss, Yve-Alain Bois na Benjamin Buchloh, kilitoka 2004, na katika matoleo ya baadaye David Joselit aliongezwa. Kimepangwa kwa miaka, na kila insha imefungwa na mwaka mmoja. Ni kazi kubwa kwelikweli. Shida ni kwamba kabla ya kufika mwaka 1900 unakutana na insha za mbinu: saikolojia ya Freud, historia ya jamii, uchambuzi wa umbo, nadharia za Kifaransa. Anayekianza ukurasa wa 1 huishia hapo. Ukikikuta maktaba, ruka insha hizo, tafuta mwaka unaokuhusu, soma insha yake moja, kirudishe. Kwa kununua, ngoja.

Zipo aina tatu za kuachana nazo kwa sasa. Kamusi ya wasanii, ukurasa mmoja kwa msanii mmoja na picha za kuvutia, haina uzi. Ukiimaliza utajua majina 100 na hutajua nani alimjibu nani. Mkusanyo wa matini, wenye ilani na mahojiano ya wasanii wenyewe, ni hazina kwa anayejua tayari nani ni nani. Na katalogi ya maonyesho moja inakupa jioni moja ya historia ndefu, mara nyingi kwa lugha ya watu wa ndani.

Kuna pia kitabu chepesi cha utani cha Will Gompertz, What Are You Looking At?, cha 2012. Kinaanza na choo cha kukojolea ambacho Marcel Duchamp alikiwasilisha kama sanaa mwaka 1917, kisha kinarudi nyuma na kupanda hadi leo. Ni cha usasa zaidi kuliko sanaa ya sasa, na Afrika humo ni haba, lakini kama Kiingereza chako hakijakomaa kwa vitabu vizito, hiki hakitakuchosha. Kuhusu The Story of Art cha Gombrich cha 1950, ambacho kimejaa kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika: ni kitabu kizuri cha jambo jingine.

Hatua ya 3: Jaribio la dakika 20

Hapa usiharakishe. Jaribio hili unalifanya ukiwa umesimama dukani, au mbele ya kurasa za kuonjesha ambazo Google Books na maduka ya mtandaoni hutoa bure.

Anza nyuma ya kitabu, kwenye faharasa, ile orodha ya majina kwa alfabeti. Tafuta majina sita: Ai Weiwei, El Anatsui, Okwui Enwezor, Lubaina Himid, Wangechi Mutu, Chéri Samba. Ujue jinsi yanavyopangwa. Ai ni jina la ukoo, kwa hiyo yumo kwenye A. Anatsui naye kwa kawaida yumo kwenye A, "Anatsui, El", lakini faharasa iliyofanywa kwa uvivu humweka kwenye E. Samba yumo kwenye S.

Enwezor ndiye kipimo kikali. Hakuwa mchoraji, alikuwa mwandaaji wa maonyesho, Mnijeria, na mwaka 2002 aliongoza Documenta 11, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, ambayo mijadala yake ilifanyika pia New Delhi, Saint Lucia na Lagos. Kitabu cha sanaa ya sasa kilichochapwa baada ya 2010 kisichomtaja kabisa kimeandikwa na mtu aliyekuwa anaangalia dirisha moja. Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kushinda Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, 2017, anaweza kukosekana kwenye kitabu cha kabla ya ushindi huo na lisiwe kosa kubwa. Ukipata majina manne kati ya sita, endelea. Ukipata moja, unashika historia ya New York na London; si dhambi, mradi ujue unachonunua.

Baada ya faharasa, chagua kazi moja unayoijua kidogo na usome maelezo yake yote. Tuchukue zile mbegu za alizeti. Tuseme kitabu cha kwanza kinasema hivi: kazi hii inahoji mahusiano kati ya mtu binafsi na umati, na kuvuruga matarajio ya mtazamaji juu ya thamani. Tuseme cha pili kinasema hivi: Ai Weiwei alijaza ukumbi wa Turbine wa Tate Modern mbegu za kauri zipatazo milioni 100, kila moja imepakwa rangi kwa mkono katika mji wa Jingdezhen, uliotengenezea wafalme wa China vyombo vya kauri kwa karne nyingi, katika mabango ya enzi za Mao kiongozi alikuwa jua na wananchi alizeti zinazomgeukia, wageni waliruhusiwa kutembea juu yake siku za kwanza, kisha ikakatazwa kwa sababu ya vumbi la kauri.

Cha kwanza si uongo. Lakini kinakuambia tu kile ambacho ungeweza kusema juu ya kazi yoyote ile. Cha pili kinakupa nyenzo, idadi, mahali, siasa, na ajali iliyotokea, halafu kinakuacha ufikie mwenyewe suala la mtu na umati. Hicho ndicho utangulizi. Kipimo chenyewe ni rahisi: ukifunga macho baada ya aya hiyo, je, unaiona kazi? Ukiona maneno tu, rudisha kitabu rafuni.

Kisha hesabu maneno. Fungua kurasa tatu bila kuchagua, moja mwanzoni, moja katikati, moja karibu na mwisho. Kwenye kila ukurasa hesabu maneno usiyoyajua na ambayo mwandishi hakuyaeleza. Hadi matano kwa ukurasa, utasonga mbele. Kumi, utakuwa unasoma kamusi na si kitabu. Tenga maneno ya kawaida na istilahi: neno la kawaida utalijua likirudi mara ya tatu, lakini istilahi isiyoelezwa mara ya kwanza haitaelezwa tena. Kitabu chenye sherehe ya istilahi mwishoni, yaani orodha ya maneno na maana zake, kipe alama ya ziada.

Mwisho angalia picha, na hasa maelezo yaliyo chini yake. Yanapaswa kuwa na mwaka, nyenzo na vipimo. Sanaa ya sasa haieleweki bila vipimo. Picha ya kazi iliyojaza chumba kizima na picha ya kazi ya ukubwa wa kitabu cha mazoezi zinalingana zikichapwa ukurasani. Nyenzo nazo zina habari: "rangi ya mafuta juu ya lubugo" inakuambia tayari kwamba Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alikiacha kitambaa cha wachoraji wa Ulaya na kuchukua gome la mti la Uganda, lenye matundu na mishono inayoonekana hata picha ikishakamilika. Kitabu kinachoandika jina la kazi na mwaka tu kimekunyima nusu ya habari.

Hatua ya 4: Pa kukipata bila kununua

Nenda maktaba na namba mkononi, si na swali la jumla. Maktaba za umma nyingi hupanga kwa mfumo wa Dewey, na huko historia ya sanaa iko 709. Sanaa ya karne ya 20 ni 709.04, na tarakimu inayofuata inakupa mwongo: 709.046 ni miaka ya 1960, 709.049 ni miaka ya 1990. Karne ya 21 ni 709.05. Sanaa ya Afrika ni 709.6. Maktaba za vyuo zinazotumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani zinaweka sanaa ya karne ya 20 kwenye N6490 na jirani zake. Usisahau kuuliza rafu ya vitabu vikubwa. Vitabu vya sanaa huwa virefu kuliko rafu ya kawaida, kwa hiyo huwekwa kando, na katalogi inasema "kipo" huku wewe unaona pengo.

Dar es Salaam, anza na Maktaba Kuu ya Taifa kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kisha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nairobi kuna maktaba kuu ya taifa, maktaba ya McMillan ya tangu 1931, na maktaba za vyuo. Kampala, Makerere ina shule ya sanaa iliyopewa jina la Margaret Trowell, mwalimu aliyeianzisha miaka ya 1930, na rafu za sanaa huko zina historia ndefu. Asiye mwanafunzi mara nyingi anaruhusiwa kusoma ndani kwa ada ya siku au kwa barua ya utambulisho. Uliza dawati la mapokezi kabla ya kupanda daladala. Vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa vinapendelea vitabu vya kwao, ila wasomaji wa Lubumbashi, Bujumbura na Kigali wanaotaka Kifaransa waanzie huko. Na vituo vya wasanii, kama Nafasi Dar es Salaam, au GoDown na NCAI (taasisi ya sanaa ya sasa) Nairobi, viulizwe kama wana rafu ya kusomea. Hata pasipokuwa na rafu, msanii unayemkuta hapo huwa anajua nani ana kitabu gani.

Mtandaoni, Internet Archive huazima vitabu vilivyopigwa picha kwa saa moja moja. Unajisajili bure, unabonyeza kuazima, na saa ikiisha unaazima tena kama hakuna mwingine aliyekichukua. Vitabu vya wachapishaji wakubwa vimepungua huko baada ya kesi mahakamani, kwa hiyo usishangae kukuta jina lipo na kitabu hakifunguki. Makumbusho ya Met na taasisi ya Getty za Marekani zimeweka machapisho yao mengi ya zamani kwa kupakua bure. MoMA, jumba la sanaa ya usasa la New York, imeweka kumbukumbu za maonyesho yake tangu 1929, na katalogi nyingi zilizoisha sokoni zimo. Smarthistory si kitabu, bali insha fupi na video za bure, na kwa msomaji mwenye simu tu ndiyo mbadala bora kuliko wote.

Faili za vitabu vya picha ni nzito na zinaweza kumaliza bando la wiki kwa kitabu kimoja. Pakua mahali penye waifai. Na usisome vitabu hivi kwenye kisomeo chenye skrini ya wino: rangi zinakuwa kijivu au zinafifia, na mpangilio wa kurasa unavunjika hadi picha iko mbali na maelezo yake. Tumia kompyuta, au simu uliyoilaza.

Hatua ya 5: Ukinunua, kagua mwili wa kitabu

Toleo kwanza. Geuza ukurasa wa jina, upande wa pili kuna ukurasa wa hakimiliki. Mwaka wa hakimiliki na namba ya toleo ndivyo vinavyohesabika. Mstari wa tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 3 unaonyesha chapa, si toleo: tarakimu ndogo kuliko zote ndiyo chapa uliyoshika, hapa ya 3, na maneno ndani ni yale yale ya chapa ya 1. Muuzaji akikuambia "hii ni mpya, ya juzi" kwa sababu karatasi inang'aa, ukurasa huo ndio hakimu. Njia nyingine ya haraka: ISBN ilihama kutoka tarakimu 10 kwenda 13 mwanzoni mwa 2007. Ukikuta ya tarakimu 10 peke yake, kitabu ni cha kabla ya hapo. Kwa historia ya Roma hilo si neno. Kwa sanaa ya sasa maana yake karibu miaka 20 haimo.

Pili, karatasi. Picha huchapwa kwenye karatasi laini ya kung'aa iliyopakwa udongo mweupe, na karatasi hiyo ikilowa au ikikaa kwenye unyevu mkali hushikana. Kurasa zikishaganda hazibanduliki. Ukizivuta picha inahama upande wa pili. Vitabu vilivyokaa Mombasa, Tanga au Unguja kwenye stoo isiyo na hewa hupatwa na hili sana. Shika kitabu kwa mgongo, pitisha kurasa zote kwa dole gumba kuanzia mwisho. Pakikwama, fungua hapo hapo. Madoa ya kahawia pembeni yanavumilika. Harufu ya ukungu haivumiliki, maana itahamia kwenye vitabu vingine ulivyo navyo.

Tatu, mgongo. Fungua katikati na uangalie kwa juu. Ukiona mafungu madogo ya kurasa yaliyokunjwa na uzi, kitabu kimeshonwa na kitadumu. Ukiona kurasa moja moja zimezama kwenye gundi, basi kitabu kinene cha karatasi nzito kitaachia kurasa za katikati mapema. Nne, wembe. Picha hukatwa na wanafunzi wenye kazi ya kuwasilisha. Linganisha namba za kurasa kwenye sura zenye picha nyingi, na ukikuta kisiki cha karatasi karibu na mshono, shusha bei au achana nacho.

Nakala za kurudufu zenye jalada la rangi na ndani kijivu zipo mitaani. Mbali na haki ya mwandishi, kwa somo hili hazifai hata kwa kazi: kitabu cha sanaa chenye picha za kijivu zilizofifia ni maneno bila ushahidi.

Ukiagiza kutoka nje, jumlisha bei, usafirishaji na gharama za kukipokea kabla ya kulinganisha. Usafiri huhesabiwa kwa uzito, na hapo tofali linaweza kugharimu kusafirishwa karibu sawa na bei yake. Waulize kwanza wauzaji wa vitabu wa mjini kwako kama wanaweza kukiongeza kwenye shehena yao. Wape ISBN, si jina: majina ya Contemporary Art ni mengi mno.

Hatua ya 6: Kitabu cha Afrika kando yake

Usisubiri umalize cha kwanza. Contemporary African Art cha Sidney Littlefield Kasfir kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mfululizo ule ule wa World of Art, na toleo lililorekebishwa ni la 2020. Tafuta hilo la 2020. Kinauliza maswali ambayo vitabu vya jumla huyaruka: nani alifungua karakana za sanaa wakati wa ukoloni na kwa nini, nani alinunua, na kwa nini kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtalii inaitwa kitu kingine isipokuwa sanaa. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuona vibao vya Tingatinga vikiuzwa anajua swali hilo lina uzito. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya mbao za kushindiliwa (hardboard), akafa 1972, na ubishi wa kumpa nafasi gani haujaisha.

Soma sura moja ya kitabu cha jumla, kisha sura ya Kasfir ya kipindi hicho hicho. Utaona mwaka 1965 ukiwa na New York na ukiwa pia na Nairobi, ambako Elimo Njau na wenzake walianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Usianze ukurasa wa 1. Anza na sura yenye kazi uliyoitumia kwenye jaribio, kwa sababu tayari una pa kushika. Kisha sura inayoitangulia, kisha inayoifuata. Dibaji na utangulizi visome mwisho. Mara nyingi vimeandikwa kwa walimu wanaoamua kama watakiweka kwenye orodha ya kozi.

Soma dakika 40 kwa kikao, simu ikiwa kando, lakini iwe na kazi moja tu: kutafuta kazi iliyotajwa bila picha. Kwenye daftari piga mistari utengeneze safu tano: mwaka, mji, msanii, nyenzo, na kilichotokea nje ya ukumbi mwaka ule. Safu ya tano ndiyo itakayokuchosha na ndiyo itakayokufaa. Usiandike tafsiri ya istilahi kwa neno moja. Andika kwa sentensi ya Kiswahili jambo lenyewe, kwa mfano "kazi ambayo msanii anatumia mwili wake mbele ya watu, na ikiisha inabaki picha tu". Sentensi kama hiyo utaikumbuka. Neno la kubuni utalisahau kesho yake.

Ukikwama kurasa tatu mfululizo, ruka hadi picha inayofuata. Ukikwama sura mbili mfululizo, kitabu ndicho kilichokosea. Rudi Hatua ya 3 na kingine.

Na ukitaka kupumzisha Kiingereza bila kuacha somo, kuna kitu ambacho wasomaji wa lugha nyingine wanapaswa kutuonea wivu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga alichora historia ya nchi yake, na miaka ya 1970 alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian michoro hiyo mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati huo. Fabian alichapisha michoro 101 katika Remembering the Present, mwaka 1996, kwa Kiingereza, na mazungumzo ya Kiswahili yakawekwa mtandaoni katika Archives of Popular Swahili. Kiswahili chake si cha Unguja na kwenye kurasa za kwanza kitakusumbua kidogo, hasa maneno ya Kifaransa yaliyomo. Soma kwa sauti. Sikio linaelewa kabla ya jicho.